Sindromu ya X Dhaifu na Tatizo la Istilahi

Mwaka wa 1943, Martin na Bell wa Uingereza walieleza ukoo ambamo wavulana walirithi ulemavu wa akili kupitia kwa mama zao. Kiini cha hali hiyo, sindromu ya X dhaifu, kilibainika mwaka wa 1991: katika jeni FMR1 ya kromosomu X, mfuatano CGG hujirudia zaidi ya mara 200, nayo jeni hunyamaza. Aghalabu uso huwa mrefu na masikio makubwa.

Je, mfasiri amwiteje mtoto huyu? Taahira, punguani na zuzu ni maneno mafupi, lakini mzazi akiyasikia zahanatini huyapokea kama matusi, na hakosei. Tunapendekeza 'mwenye ulemavu wa akili'. Ni kirai kirefu, naam. Hata hivyo, hutaja hali bila kumgeuza mtoto kuwa hali hiyo.