Akiba na Woga: Somo kutoka Siku za Korona



Katika somo hili tutatazama jambo lililotushangaza sokoni mwaka 2020, siku za ugonjwa wa korona. Mwezi Machi mwaka ule Rwanda na Uganda ziliwaamuru watu wao wabaki nyumbani. Sisi hatukufungiwa majumbani. Shule zilifungwa Machi 17, na zote zikawa zimefunguliwa Juni 29, lakini ibada ziliendelea, na masoko ya Musoma, Bunda na Butiama yaliendelea. Hata hivyo watu walinunua na kuuza kwa namna isiyo ya kawaida. Je, kwa nini?

1. Vilivyopanda na vilivyoshuka

Malimao, tangawizi na vitunguu saumu vilipanda bei, maana watu walikuwa wakijifukiza na kunywa maji yake ya moto. Mlimao hauzai zaidi kwa sababu wanunuzi wameongezeka. Basi malimao yaleyale yaligombewa na wengi. Sukari nayo iliadimika, hata Serikali ikatangaza bei elekezi mwezi Aprili.

Wakati huohuo sangara alishuka bei. Ndege za kwenda Ulaya zilipokuwa chache, viwanda vya minofu kando ya Ziwa vilikosa njia ya kupeleka mzigo. Dagaa wakikaushwa huweza kungoja mnunuzi. Sangara mbichi hangoji. Mvuvi akauza kwa bei yoyote aliyopewa. Upande wa Bunda, watalii waliacha kupita katika lango la Ndabaka, na waliotegemea kazi ya hifadhi wakakosa riziki.

Basi nyumba moja iliweza kupatwa na mawili kwa pamoja: mapato yameshuka, na watoto waliokuwa shuleni wako nyumbani wanataka kula.

2. Jinsi woga unavyoleta uhaba

Tuchukue mfano. Duka la mtaani lina kilo 100 za sukari, na nyumba 100 hununua kila moja kilo moja kwa juma. Sukari inatosha. Siku ya Jumatatu uvumi unaenea kwamba sukari itakwisha. Nyumba 20 zenye fedha zinanunua kilo 5 kila moja. Kufika jioni duka ni tupu, na nyumba 80 hazina kitu. Uvumi ambao asubuhi ulikuwa uongo, jioni umekuwa kweli.

Tuone vizuri: katika mfano huu hakuna mwizi. Kila mama na kila baba alitaka kuwatunza watoto wake. Kule Uingereza na Marekani watu walifanya hivyohivyo kwa karatasi za msalani. Lakini anayeumia ni yule anunuaye robo kilo kwa ujira wa siku: mchukuzi wa mwaloni, kibarua wa shambani. Yeye hawezi kuwahi, maana fedha ya kesho hajaipata.

3. Akiba si kuhodhi

Wahenga walisema akiba haiozi. Je, mwenye kununua kilo 5 si mwenye akiba? Tofauti iko katika wakati. Yusufu kule Misri (Mwanzo 41) alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, wakati ambapo kuweka kwake hakukumpunguzia mtu chakula. Kuhodhi ni kukusanya wakati vitu vimeadimika. Wazee wetu wanakumbuka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, jinsi bidhaa zilizofichwa zilivyotupwa usiku kwa hofu, huku watu wakizihitaji.

Mkulima wa Butiama anaijua akiba ya kweli. Mihogo yake hukaa ardhini hata siku ya haja, na makopa hukaa ghalani. Siku za woga hana haja ya kukimbilia dukani, na kwa kutokwenda anamwachia jirani nafasi.

Basi tuweke akiba wakati wa mavuno. Uvumi ukija, tununue kadiri ya desturi yetu. Na mwenye duka akigawa kidogo kidogo kwa kila mteja, tusimnung'unikie. Analinda nyumba zile 80.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Mwaka 2020 nyumba yako ilinunua nini zaidi ya desturi? Kilitumika chote?
2. Ni nani katika mtaa wetu hununua kwa siku moja moja? Tungemsaidiaje kabla ya shida kuja?
3. Ni akiba gani tunaweza kuiweka pamoja msimu huu wa mavuno?