Ua wa Mimea: Mkasi wa Mkono au Mashine?

Katika mji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero, ua wa mimea ni jambo la kawaida. Huzuia mbuzi wasiingie bustanini, huzuia vumbi la barabara, na ukitunzwa vema huipa shule au nyumba sura ya kupendeza. Lakini bonde hili ni la joto, na mvua zake huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo mimea hukua upesi mno, na ua usiokatwa hugeuka kichaka. Hapo ndipo huzuka swali: je, inafaa kununua mashine ya kukatia ua, au mkasi mkubwa wa mkono unatosha? Swali hili haliwezi kujibiwa kabla ya kufahamu mambo mawili: jinsi mmea unavyoitikia kukatwa, na jinsi kila chombo kinavyofanya kazi.

Mmea unapokatwa

Chipukizi lililo kileleni mwa tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka katika shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1933 na wataalamu Thimann na Skoog. Waliondoa kilele cha mmea wa jamii ya maharage, wakaweka auksini mahali pake, na macho ya pembeni yakaendelea kulala. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sukari inayoyafikia macho nayo ina sehemu kubwa katika kuyaamsha.

Basi kilele kikikatwa, macho kadhaa huamka badala ya moja, na ua husongamana. Huu ndio msingi wa sanaa yote ya kuichonga miti iwe mipira, kuta au wanyama, sanaa ambayo Warumi waliijua tangu zama za Kaisari Augusto.

Hata hivyo, macho hayachipui vizuri gizani. Ua ulio mpana juu na mwembamba chini hujitilia kivuli. Majani ya chini hufa, na mbuzi hupata njia. Kwa hiyo ua hauna budi kuwa mpana chini kuliko juu. Ifakara iko yapata nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri huelekea kaskazini kwa nyuzi 31 hivi kutoka utosini. Ua uliopangwa kutoka mashariki hadi magharibi hukosa jua upande wake wa kusini wakati huo, na upande huo ndio unaohitaji mwinamo zaidi.

Mkasi wa mkono

Mkasi ni wenzo wa daraja la kwanza: egemeo liko katikati, jitihada upande mmoja na mzigo upande wa pili. Tuseme mkono uko sentimita 40 kutoka kwenye egemeo, na tawi liko sentimita 5. Jitihada ya nyutoni 50 itatoa kani ya nyutoni 400, kwani 40 ÷ 5 = 8. Tawi hilo likiwekwa nchani, sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, kani hushuka hadi nyutoni 100. Ndiyo sababu tawi nene hukatwa karibu na egemeo, na majani laini hukatwa kwa ncha.

Mkasi mkali huacha jeraha safi linalopona upesi. Mkataji huona kila tawi, hivyo huweza kuzunguka kiota cha nyigu au seng'enge ya zamani iliyofichwa na majani. Udhaifu wa mkasi ni uchovu wa mikono na muda mrefu. Aidha, katika unyevu wa bonde hili hushika kutu upesi. Baada ya kazi haufai kuwekwa kabla ya kufutwa, kukaushwa na kupakwa oili.

Mashine

Mashine huwa na visu viwili vyenye meno, vinavyopishana zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kwa ua mrefu wenye majani madogo, hufanya kazi upesi na kunyoosha vizuri. Lakini majani mapana, kama ya haibiskasi, huachwa yakiwa nusunusu, na kingo zake hukauka na kuwa kahawia. Meno yakiwa butu huchana matawi badala ya kuyakata.

Mashine nyingi za petroli zina injini ya mipigo miwili, ambayo huhitaji oili ndani ya petroli. Mtengenezaji akiagiza uwiano wa 1 kwa 50, lita 5 za petroli hupewa mililita 100 za oili. Oili ikisahauliwa, injini huharibika. Kelele yake kwa kawaida hupita desibeli 85, kiasi ambacho huweza kudhuru masikio kwa kazi ya siku nzima. Mashine ya umeme yenye waya haifai kabisa katika ua uliolowa mvua.

Hatari kubwa zaidi iko katika mnyaa. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia machoni huweza kumfanya mtu asione kwa muda. Mashine huurusha utomvu huo kila upande. Ua wa mnyaa ukatwe kwa mkono, polepole, na mtu mzima aliyevaa miwani na glavu; kazi hiyo wasipewe wanafunzi.

Hesabu ya uchaguzi

Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni shilingi 600,000 na mkasi 30,000, na kila kimoja kitadumu miaka mitano, ua ukikatwa mara nne kwa mwaka, yaani mara 20. Mashine itagharimu shilingi 30,000 kwa kila mkato, bila petroli, mkasi 1,500. Ikiwa kwa ua wa mita 60 mkasi huhitaji siku mbili zaidi za kibarua, kwa shilingi 10,000 kila siku, jumla ni 21,500. Mkasi ni nafuu. Lakini kwa ua wa mita 600 siku za ziada huwa 20, na ujira wake ni 200,000. Hapo mashine yastahili, mradi mimea si mnyaa na fundi yupo karibu.

Ni dhahiri kwamba shule yenye ua mfupi haina haja ya kuona haya kwa kutumia mkasi. Tupa ya kunolea na kamba ya kupimia unyofu huleta faida kubwa kuliko injini isiyotunzwa.

Zoezi

1. Chagueni mita mbili za ua usio wa mnyaa. Kateni mita moja kwa mkasi mkali na nyingine kwa mkasi butu. Baada ya wiki tatu, hesabuni machipukizi na majani yaliyokauka kingo. Elezeni tofauti.
2. Kwa bei za mfano uliotolewa, tafuteni urefu wa ua ambao gharama za mkasi na mashine hulingana, bila kuhesabu petroli.