SOMO: NYUMBA NDOGO YA MBAO INAYOTUNZA JOTO

Na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi



Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, baridi inapoingia Makete, Njombe na Mufindi, familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na madirisha, kisha hulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na aliyekwisha kulala anaweza asiamke tena.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na nyumba ikawa na hatia ya damu. Mapaa yetu ni ya bati na hakuna anayetembea juu yake, lakini agizo linabaki: anayejenga anawajibika kwa uhai wa watakaolala humo. Nyumba inayotunza joto haihitaji jiko chumbani. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuijenga kwa mbao za mashamba yetu wenyewe.

Kwa nini mbao?

Wengi wetu tunaona nyumba ya mbao kuwa banda la muda, na ya matofali ya kuchoma kuwa nyumba ya kweli. Lakini tanuru la matofali nalo hula kuni nyingi, na miti hiyo huishia kuwa moshi na majivu. Mti uliopasuliwa mbao huendelea kukaa ukutani, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliichukua kutoka hewani.

Tena, mbao kavu ya msindano hupitisha joto polepole. Ubao wa inchi 1 huzuia joto kutoka karibu sawa na tofali la kuchoma lenye unene wa inchi 5. Hata hivyo, ubao haukai na joto kama tofali linalopigwa jua mchana kutwa. Ukuta wa mbao wenye nyufa una baridi kuliko nyumba ya udongo. Ndiyo maana kazi lazima ifanywe kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: mti upevuke

Wakulima wengi huuza misindano ikiwa na miaka minane au kumi kwa sababu ya ada za shule na matibabu. Mbao za mti mchanga ni laini, hupinda na kufungua nyufa. Shauri letu ni hili: unapouza shamba la miti, bakiza mistari michache iwe ya nyumba yako. Ipogoe, ipunguze ili ipate nafasi, na uiache ifike miaka 18 au zaidi.

Hatua ya pili: mbao zikauke

Msindano uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe, au zaidi. Ukipigilia mbao mbichi, zitakaukia ukutani na kuachana. Zipange kivulini, juu ya mawe au magogo, ukiweka fito nyembamba kati ya safu na safu ili upepo upite. Weka mawe mazito juu ya rundo zisipinde. Chagua kipande kimoja ukipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mbao ziko tayari.

Hatua ya tatu: nyumba isimame juu ya ardhi

Adui wa mbao ni maji na mchwa. Jenga msingi wa mawe unaofika magotini, na juu yake laza kipande cha bati kilichokunjwa ukingo kuelekea chini, ili mchwa wakipanda waonekane. Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 hivi, mvua isipige mbao. Kanisa la kale la Kilutheri la Petäjävesi nchini Finland lilijengwa kwa magogo kati ya mwaka 1763 na 1765, na bado limesimama. Misindano yetu hukua haraka na si migumu kama ile ya nchi za baridi, kwa hiyo sisi tunahitaji msingi mzuri na paa pana zaidi.

Hatua ya nne: ukuta wa tabaka mbili na dari

Nyumba ya mita 6 kwa 6 inatosha sebule na vyumba viwili, na ni rahisi kupata joto. Simamisha nguzo za mbao za 2 kwa 4. Pigilia mbao nje zikilaliana kama magamba ya samaki, na nyingine ndani. Nafasi iliyo katikati ijaze maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa. Usisahau dari, kwa maana joto hupanda na bati hulipoteza usiku. Madirisha makubwa ya vioo yatazame kaskazini, kwa sababu mwezi Juni jua letu hupita upande huo.

Hadhari

1. Nyumba isiyo na nyufa hufanya jiko la mkaa kuwa hatari zaidi. Jiko lisiingie chumbani kamwe. Acha tundu dogo la hewa karibu na dari katika kila chumba.

2. Jiko la kupikia liwe katika jengo la pembeni. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, na zifungwe na fundi mwenye leseni.

3. Mbao na nguzo zenye dawa ya kijani zina arseniki. Zifae msingi au uzio, lakini mabaki yake yasichomwe jikoni. Moshi na majivu yake ni sumu kwa mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Yafukieni mbali na kisima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi ambazo jiko la mkaa huingizwa chumbani? Nani atazitembelea kabla ya Juni?

2. Kila mmoja ana mistari mingapi ya miti anayoweza kuibakiza?

3. Je, kikundi kinaweza kuanza na nyumba moja, ya mjane au ya mzee anayeishi peke yake, ili mafundi wetu wajifunze kwa vitendo?

Bwana awabariki mnapojenga.