Plasta Imetolewa, Mbona Mtoto Anachechemea?

Msimu wa maembe watoto hupanda miti, na wengine huanguka. Tuseme mtoto wa miaka 6 amevunjika mguu chini ya goti. Hospitali ya Murgwanza kule Ngara, au ile ya wilaya Biharamulo, wamemfunga plasta. Baada ya wiki 6 au zaidi kidogo wameitoa. Lo! Mguu ni mwembamba kama ufito, ngozi inabambuka, na mtoto anachechemea.

Hapo jirani atasema, "Mfupa umeunga vibaya huo, mpelekeni akavutwe." Tusikubali. Msuli usiofanya kazi husinyaa, na goti na kifundo hukakamaa. Kuchechemea kwa wiki kadhaa, hata miezi michache, ni kawaida. Mfupa nao bado haujakomaa. Ukivutwa au ukikandwa kwa nguvu unaweza kuvunjika tena.

Basi tufanye nini? Mtoto akunje na kukunjua goti na kifundo yeye mwenyewe, polepole, mara kadhaa kwa siku. Maji ya uvuguvugu humsaidia. Daktari akiruhusu akanyage, aanze kwa kushika mkono wa mtu au fimbo. Kumfokea "tembea vizuri!" hakusaidii kitu. Mchezo ndio mwalimu wake. Atafuata kuku uani, atafuata wenzake, na siku moja mtamwona anakimbia. Kupanda miti na kucheza mpira kungoje mpaka daktari aseme. Na chakula je? Ndizi peke yake haitoshi. Apate maharage, dagaa, maziwa au yai.

Aliyevunjika paja ana jambo lake. Mara nyingi mguu huo baadaye hurefuka kupita wa pili, yapata sentimita 1. Huo si uchawi. Mfupa unapounga hupata damu nyingi, na kwa mtoto damu hiyo huharakisha kukua. Tofauti ndogo hivyo haimzuii kutembea.

Lakini kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, au mguu umevimba, umepinda, mtoto ana homa, au hawezi kukanyaga kabisa, msingoje. Vivyo hivyo kama miezi inapita na kuchechemea hakupungui. Mrudisheni hospitali, wakiona vigumu watawaandikia barua ya kwenda Bugando, Mwanza. Chukueni kadi yake na ile picha ya eksirei ya kwanza. Ifungeni kwenye nailoni isilowe njiani, maana daktari atataka kulinganisha.