GPA ya Mzumbe kwenye Meza ya Mannheim

Kila mwaka, dirisha la maombi ya vyuo vya Ulaya linapokaribia kufunguliwa, wasomaji hutuuliza kuhusu shahada ya uzamili ya menejimenti, ambayo wengi huiita MiM. Haya ni baadhi ya maswali yao, na majibu ya mshauri wetu wa masomo ya nje.

Nimemaliza B.Com mwaka huu. Rafiki yangu ananisukuma niombe MBA kwa sababu ndiyo yenye jina. Niende wapi?

Omba MiM. MBA ni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa. MiM imetengenezwa kwa anayetoka chuoni moja kwa moja au mwenye uzoefu mdogo. Kuna jambo moja la kuchunguza kabla hujalipa ada ya maombi. HEC Paris, ESCP na London Business School hupokea waliosoma fani yoyote, hata uhandisi au fasihi. Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani, na Copenhagen Business School huhesabu krediti za biashara kwenye transkripti, na zikipungua, hakuna insha itakayokuokoa.

Shikamoo. GPA yangu ni 3.8, nimesoma Mzumbe. Wajerumani si wataiona ndogo?

Marahaba. Hofu yangu si kwamba wataiona ndogo. Hofu yangu ni kwamba hawatajua wameona nini. Aliyezoea mfumo wa Marekani, ambao mwisho wake ni 4, atakudhani karibu na kilele. Mjerumani kwake 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo kufaulu kwa shida, kwa hiyo namba yako mbichi haimwambii kitu.

Vyuo vya huko hutumia kanuni inayoitwa ya Bavaria. Chukua GPA ya juu kabisa, toa yako, gawanya kwa tofauti iliyopo kati ya ile ya juu kabisa na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kwetu juu ni 5 na kufaulu ni 2, hivyo 3.8 inageuka 2.2. Kwao hiyo iko kwenye daraja la "nzuri". Lakini kanuni hii inahitaji ile 2, na afisa udahili ataipata wapi kama haijaandikwa? Angalia nyuma ya transkripti yako. Kama maelezo ya madaraja hayapo, kwamba 4.4 hadi 5 ni daraja la kwanza na 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, nenda ofisi ya msajili uombe barua yenye mhuri. Foleni ya pale tunaijua, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Krediti nazo zina mtego wake. Mwaka wa masomo Tanzania ni krediti 120, Ulaya ni 60. Shahada yako ya miaka mitatu yenye krediti 360 inalingana na 180 za kwao. Ukijaza 360 kwenye kisanduku kinachotaka krediti za Ulaya, umejiandikia miaka sita ya masomo, na mtu makini ataanza kuitilia shaka fomu nzima.

Mitandaoni wanasema bila GMAT ya 700 nisijisumbue. Ni kweli?

Hiyo 700 ni ya toleo la zamani la mtihani huo wa udahili wa shule za biashara. GMAT ya sasa ina alama kuanzia 205 hadi 805, na 645 ya leo ndiyo inayokaribiana na ile 700. Wapo wanaopata 645 wakalia, kumbe wamefanya vizuri. Mannheim inadai GMAT au GRE. Kwingine soma masharti ya kozi yenyewe. Ushauri wangu: kama GPA yako ni ya wastani, fanya mtihani hata pale usipolazimishwa. Ndicho kipimo pekee ambacho wewe na mwombaji wa Milano mmepimwa nacho sawasawa.

Insha nianze vipi? Nimeandika maisha yangu tangu shule ya msingi.

Futa mpaka ufike chuo. Na ule ukurasa wa kuisifu shule ufute pia. Kamati ya HEC inajua kwamba shule yao ilianzishwa mwaka 1881.

Kinachokosekana kwenye insha nyingi za vijana wetu ni uamuzi. Mtu anaandika "nilikuwa kiongozi" na kuishia hapo. Wakati huohuo anaficha kwamba kila likizo alisimamia kibanda cha mama yake cha uwakala wa M-Pesa, eti ile si kazi ya ofisini. Hebu fikiri. Wakala hupanga kiasi cha fedha taslimu na kiasi cha floti, hujua kwamba mwisho wa mwezi watu hutoa kuliko kuweka, na akikosea hesabu hiyo anamrudisha mteja mikono mitupu. Hiyo ni menejimenti ya mtaji, na msomaji wa Paris hajawahi kuikuta. Mweleze ulibadilisha nini, kwa sababu gani, kamisheni ilipanda kwa kiasi gani. Usimwandikie simulizi ya umaskini ili akuonee huruma. Anatafuta mtu wa kubishana naye darasani.

Mbunge wetu amekubali kunipa barua ya pendekezo. Nimepata bahati?

Mshukuru, kisha mwombe mhadhiri aliyesimamia utafiti wako. Barua ya mheshimiwa itasema unatoka familia njema. Mhadhiri akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", kataa kwa adabu: mpelekee kurasa mbili za kazi uliyomfanyia na tarehe ya mwisho, aandike kwa maneno yake. Shule nyingi humtumia kiungo moja kwa moja, kwa hiyo toa barua pepe yake ya chuo. Ile ya Gmail huzua maswali.

Fedha sina. Nianze na chuo au na ufadhili?

Vyote kwa pamoja, maana kalenda zake hazingojani. Ufadhili wa Eiffel wa Ufaransa hauombwi na wewe: shule ndiyo inayokupendekeza, na dirisha hufungwa Januari, kwa hiyo maombi yako yawe yamefika shuleni miezi kabla. Usiwe na zaidi ya miaka 25. Ujerumani, Mannheim, ambacho ni chuo cha umma, hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, nafuu kubwa ukilinganisha na shule binafsi. Hata hivyo, kwa viza, tangu Septemba 2024 unatakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, kwa kawaida katika akaunti maalumu inayokuachia 992 kwa mwezi. Kaeni kikao cha familia kuhusu fedha hizo kabla ya GMAT.