Kikohozi kisichoisha: mtoe mtoto juani, lakini angalia saa

Mafua yakiisha leo, wiki ijayo mwanao anakohoa tena. Kama mnaishi ghorofani Kariakoo, jiulize: ngozi yake imepigwa na jua lini? Dar ina jua mwaka mzima, ila majengo yamebanana na mtoto anashinda ndani na dada wa kazi mpaka jioni. Jua ndilo huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D; ikipungua, mifupa na kinga ya mwili vinadhoofika.

Jua la saa moja asubuhi halitoshi kutengeneza vitamini D. Pima kwa kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limefaa. Dar ni kuanzia kama saa nne. Acha mikono na miguu wazi, kichwa na uso vikingwe. Dakika kumi hadi ishirini, mara kadhaa kwa wiki. Kichanga dakika chache tu. Mpeleke viwanja vya Mnazi Mmoja, au juu ya paa mnapoanika nguo, ukiwa umemshika. Kumweka nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii.

Mtoto mwenye ualbino usimwanike. Yeye atumie chakula na matone ya vitamini D.

Ukipita soko la samaki la Feri, chukua vibua au jodari. Chemsha, toa miiba yote, ponda kwenye ugali au viazi vya mtoto aliyeanza kula. Kiini cha yai nacho kina vitamini D kidogo.

Matone muulize mhudumu wa kliniki, hasa kwa anayenyonya. Kiwango cha kawaida ni IU 400 kwa siku mwaka wa kwanza, kisha IU 600. Soma chupa vizuri: nyingine tone moja ndilo IU 400, nyingine ni mililita nzima. Ukikosea hapo unamzidishia mno. Kalsiamu hupanda kwenye damu, mtoto hutapika, figo huumia. Na yale matone ya kila miezi sita ni vitamini A, usiyahesabu humu.

Usikimbilie dozi kubwa. Kabul, Afghanistan, watoto wachanga walipewa IU 100,000 kila miezi mitatu. Matokeo yaliyotoka 2012 yalionyesha nimonia haikupungua.

Vitamini D peke yake haitoshi. Jiko la mkaa litoke koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumbani, sigara zivutwe mbali. Kamilisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Antibayotiki usinunue kwa kubahatisha.

Kikohozi kikipita wiki mbili, omba apimwe kifua kikuu.

Akikohoa au akihema kwa shida, mfunue kifua ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Mpaka mwaka mmoja, 50. Mpaka miaka mitano, 40. Zikifika hapo, au kifua kinabonyea ndani, au hanyonyi, au amelegea, nenda Hospitali ya Amana sasa hivi, hata kama ni usiku.