Kura Iliyoharibika Haina Wakala

Kamachumu, wilayani Muleba, siku chache baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Mwalimu mstaafu, aliyewahi kusimamia vituo vya kura, anachambua kahawa barazani. Binti wa jirani anapiga hodi.

BINTI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Sogeza kigoda. Nimesikia ulipanga foleni tangu asubuhi, kisha ukaingia kwenye kituturi kuharibu karatasi.

BINTI: Ni kweli, waitu, wala sikufichi. Niliyemtaka alienguliwa kwenye fomu. Waliobaki siwataki. Nikachora mkasi juu ya kila jina, nikakunja, nikatumbukiza. Ningebaki nyumbani wangesema sijali.

MWALIMU: Hasira yako ina haki yake. Mgombea akienguliwa kwa kasoro ndogo ya fomu, na waliotaka kumchagua wameenguliwa naye. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi kama huu, hali hiyo ilizidi hadi Chadema na vyama vingine vikajitoa. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, na sehemu nyingi mgombea wake alipita bila kupingwa, watu wasipige kura kabisa. Kwa hiyo sikulaumu kwa kukasirika. Nakuuliza tu: ile karatasi ulitaka imwambie nani?

BINTI: Wakubwa. Wakihesabu waone kwamba tumewakataa.

MWALIMU: Basi nikueleze inavyohesabiwa, maana nimekaa kwenye meza ile. Kituo kikishafungwa, sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala. Karatasi inanyanyuliwa moja moja, inageuzwa kila mtu aione, jina linatajwa, inawekwa kwenye fungu lake. Sasa ije yenye vema iliyopanda juu ya mstari, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Hapo wote wanasimama. Wakala wa huku anasema ni yetu, wa kule anasema imeharibika, karatasi inasogezwa kwenye taa, vidole vinafuata wino. Nimeona karatasi moja ikibishaniwa mpaka chai ikapoa. Halafu ije ya kwako, mikasi mitupu. Hakuna anayefungua mdomo. Kura yako haina wakala, mwanangu. Inatupwa fungu moja na ya bibi aliyeweka vema mbili kwa kutoelewa maelekezo, na ile iliyorudishwa tupu. Mwisho fungu zima linaandikwa kwenye fomu kwa tarakimu moja. Wewe uliyekusudia na bibi aliyekosea mmekuwa kitu kimoja. Kusema kweli, yule bibi ndiye aliyekuwa akiniuma zaidi, kwa sababu alikuwa na mtu wake aliyemtaka.

BINTI: Je, ningeandika sababu pembeni?

MWALIMU: Fomu haina mahali pa kunakili sababu yako. Tena maandishi yanayoweza kumtambulisha mpiga kura ni sababu nyingine ya kuikataa karatasi.

BINTI: Lakini zikiwa nyingi, si zitawashtua?

MWALIMU: Zinaweza kuwatia aibu. Kumzuia mshindi, hapana. Katika kura za urais za 2015 zilikataliwa zaidi ya laki nne nchi nzima, karibu asilimia 2.6. Ngapi zilikuwa za hasira? Hakuna anayeweza kuzitenganisha. Kenya walilifikisha jambo hili mahakamani. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa kura elfu nane na kitu, na zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba zilizokataliwa zisiingizwe kwenye jumla ya kutafutia asilimia. Maana yake aliyeharibu kura ili kumpunguzia mshindi hakumpunguzia kitu.

BINTI: Nasikia kuna nchi wana kisanduku cha "hakuna ninayemtaka".

MWALIMU: India wanacho tangu 2013, kwa amri ya Mahakama ya Juu yao. Afadhali kule hasira inahesabiwa kwa jina lake, haichanganywi na makosa. Ila hata kisanduku hicho kikiongoza, kiti cha ubunge kinakwenda kwa mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake.

BINTI: Kwa hiyo sisi hatuna pa kusemea?

MWALIMU: Mnapo, ila pameachwa wazi. Anza na mgombea pekee. Safari hii kanuni zilitaka apigiwe kura ya Ndiyo au Hapana. Usiidharau Hapana. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, Nyerere peke yake ndiye aliyegombea urais, na bado zaidi ya watu 90,000 waliweka Hapana, kura zao zikahesabiwa kuwa Hapana. Katika uchaguzi huohuo, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, waziri wa fedha. Hao hawakuchora mkasi.

BINTI: Kwetu wagombea walikuwa wawili, Mwalimu. Hapana haikuwepo.

MWALIMU: Basi njoo kwenye lile ninalolijali kuliko yote. Mwenyekiti wa kijiji mliyempata si mfalme. Kwa sheria ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano huo kuridhia. Sasa niambie, ile rweya ya kule chini, mbuga yetu ya nyasi iliyopandwa mikaratusi, iliridhiwa lini kugawiwa?

BINTI: Sijui. Tuliona miche tu. Na mama anakwenda mbali sasa kutafuta nyasi za kutandaza nyumbani.

MWALIMU: Umeona? Mkasi wako haukuweza kuuliza swali hilo. Mkutanoni, mtu mmoja akisimama akauliza, mtendaji anapaswa kujibu mbele ya watu, na swali liandikwe. Mkisimama kumi, hamtapuuzwa kirahisi. Wakulima wa huku kwetu Buhaya walipozikataa kanuni za kahawa za mkoloni mwaka 1937, walikataa hadharani, kwa sauti, na serikali ilijua fika wanakataa nini.

BINTI: Na wakisema mkutano haukuitishwa?

MWALIMU: Mwombeni mtendaji kwa barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, nakala hiyo inakwenda kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, Muleba.

BINTI: Barua niandike kwa jina langu?

MWALIMU: Lako, na la mama yako, na la kila anayetafuta nyasi mbali. Ombeni muhtasari wa kikao kilichogawa rweya. Leta daftari, tuanze sasa hivi.